Umeitwa kusoma amani? Tafuta ugomvi wako kwanza

Haya wadogo zangu, sogeeni tuzungumze. Tangu majina ya waliochaguliwa na vyuo yatoke, barua zenu zimenijia kwa wingi, na kadhaa zinauliza kuhusu kozi moja ambayo kila chuo kinaiita kwa jina lake: Amani na Migogoro, Mabadiliko ya Jamii, Uongozi na Ushiriki wa Raia. Iliyonikaa rohoni imetoka kwa msichana wa Marsabit. KUCCPS, wale wanaowapanga wanafunzi vyuoni, wamempangia shahada ya amani, yeye anaitaka, lakini baba yake amekataa katakata. Mzee anasema amani haisomewi, na kwamba hakuuza ng'ombe ili binti yake akafundishwe kuwaambia watu wapendane.

Mdogo wangu, kabla hujanuna, mkubalie baba yako kwamba ameuliza la maana. Anayeuza mifugo kulipa karo ana haki ya kujua kinachonunuliwa. Na kama kozi hiyo ingekuwa ya kuwaambia watu wapendane, mimi ningekuwa upande wake.

Ila hilo la kwamba amani haisomewi, mjibu kwa yaliyotokea Wajir. Si mbali na kwenu, na mzee huenda anaikumbuka miaka ile. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991 na bunduki zikavuka mpaka. Ukame ulikuwa umeua mifugo. Mwisho wa 1992 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, kila ukoo ukahesabu watu wake. Watu wakauana. Usiku mmoja wa 1992, mwalimu mmoja kijana, Dekha Ibrahim Abdi, alijificha chini ya kitanda na mtoto wake risasi zikilia nje. Asubuhi mama yake akamwambia kwamba naye aliwahi kujificha hivyo hivyo, Dekha akiwa mdogo. Vizazi viwili, uvungu ule ule. Dekha akaona mtoto wake asije akaurithi na yeye.

Sasa sikiliza walichofanya, maana hapa ndipo wengi hudhani amani ni mahubiri. Dekha na wanawake wachache wa koo mbalimbali walianzia sokoni. Wanawake wa ukoo mmoja walikuwa wakiwazuia wa ukoo mwingine kuuza na kununua, na mji usio na soko ni mji wenye njaa. Basi wakakubaliana kwanza kwamba sokoni kila mwanamke ataingia na kuuza, awe wa ukoo gani, wakaweka wenzao wa kusimamia jambo hilo na kuyamaliza magomvi yakiwa bado madogo. Soko lilipotulia ndipo walipowafuata wazee. Hawakuanza na wazee wa koo kubwa zilizokuwa zikipigana. Waliwaendea wazee wa koo ndogo, ambao hakuna aliyewashuku kwamba wanavizia ushindi, wakawaomba wao ndio waitishe kikao. Mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al-Fatah. Baadaye vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali wakaingizwa katika kamati moja ya amani ya wilaya, na mtindo ule wa kamati ukaja kuigwa mahali pengi Kenya.

Rudia kusoma aya hiyo ukimfikiria baba. Kuanza na soko badala ya msikiti au ofisi ya mkuu wa wilaya ni uamuzi. Kumchagua anayeitisha kikao ni uamuzi mwingine, na ungekosewa kikao kisingekuwepo. Hayo yana kanuni zake, yanaweza kuchambuliwa, kujaribiwa kwingine na kufundishwa. Dekha mwenyewe alikwenda kusomea Birmingham, Uingereza, akawa mmoja wa waandishi wa kitabu cha mbinu za kushughulikia migogoro kilichotoka mwaka 2000 na ambacho wanafunzi wa fani hii bado wanakisoma. Mwaka 2007 akapewa Tuzo ya Right Livelihood. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo, alikuwa miongoni mwa watu watano walioanzisha kundi la Raia Wanaojali Amani, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira. Mwalimu wa Wajir ameketi meza moja na majenerali, na wanamsikiliza! Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Nataka uone mpangilio wa maisha yale. Soko lilitangulia, kitabu kikafuata. Wengi wenu mnaoingia vyuoni mtapitia njia ya kinyume, na si kosa lenu, mna miaka kumi na minane. Lakini mkiishia kwenye kitabu mtanisikitisha. Nimekutana na wahitimu wanaoweza kukueleza kwa ufasaha alichoandika Johan Galtung, yule Mnorwe aliyefundisha kwamba kunyamaza kwa bunduki hakujawa amani ikiwa watu bado wanakufa kwa dhuluma iliyojengwa ndani ya mfumo. Ni fundisho zuri, na mtalihitaji. Ila muulize mhitimu huyo huyo kisima cha wadi yao kilichimbwa na nani, kwa nini upande mmoja unakitumia kwa zamu na mwingine haukaribii, na ni mzee gani aliyeoa pande zote mbili. Anakutazama tu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti wa Marsabit, na kwa yeyote atakayesomea mambo haya, ni kwamba uchague ugomvi mmoja na uujue hadi mizizi. Mmoja tu. Usichukue "migogoro barani Afrika", hiyo waachie wanaoandika hotuba. Chukua malisho fulani, mpaka fulani, mgao wa maji katika mji fulani, shamba la maskwota fulani hapa Pwani. Kila insha utakayopewa, ipeleke huko. Ukifundishwa uchambuzi wa migogoro, uchambue huo. Ukifundishwa takwimu, hesabu zake ndizo utakazohesabu. Jua ulianza mwaka gani, nani ananufaika ukiendelea, kesi ipi iko mahakamani, fidia ipi iliahidiwa na haikulipwa. Jifunze lugha ya upande wa pili, hata kama ni ya kuombea maji na kutoa pole tu. Miaka minne ikiisha, utakuwa na kitu ambacho ofisa aliyetumwa kutoka Nairobi hana, hata awe na shahada tatu.

Na ukiujua hivyo, utagundua kwamba amani yenyewe ina makali. Mwaka 2001 wazee na maofisa wa kaskazini walikubaliana Azimio la Modogashe, kuhusu wizi wa mifugo, malisho na fidia za mauaji. Lilisaidia kupunguza visasi, wala simbezi mtu aliyekizuia kisasi. Lakini fidia ya mwanamke aliyeuawa iliwekwa chini ya ile ya mwanamume. Halafu ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 159 inazitaka mahakama ziendeleze njia za jadi za kutatua migogoro, na papo hapo inasema njia hizo zisikiuke haki za binadamu. Wewe, msichana, umekaa kwenye baraza, wazee wamefikia muafaka baada ya usiku mzima, na muafaka wenyewe unakupunja. Utasemaje, lini, na kwa mdomo wa nani? Darasani utapewa dhana. Jibu litategemea unavyowajua wale wazee. Ndiyo maana nasisitiza ugomvi mmoja.

Upande wa ushiriki wa raia nitausema kwa kifupi, ingawa ndiko nyinyi vijana mliko na hamu zaidi tangu 2024. Mliufanya Mswada wa Fedha ukasomwa na watu ambao hawakuwahi kusoma mswada maishani mwao, mkaufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia bungeni, vijana wenzenu wakapigwa risasi na kufa, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na sitamwambia mtu aisahau. Ninachowaambia ni kwamba mwaka una siku nyingine nyingi zenye uzito ambazo hakuna kamera. Kufikia tarehe 28 Februari, serikali ya kaunti hupeleka kwenye bunge la kaunti karatasi ya mkakati wa fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti huwa yamefika huko, na kamati ya bunge la kaunti inapaswa kuusikiliza umma. Nenda kwenye kikao hicho. Utakuta viti vya plastiki, wazee wachache, ofisa anayesoma kwa haraka, na watu wanaoulizana kama kuna nauli. Anayejua kufungua ukurasa wa maji na kuuliza kwa nini bomba la mwaka jana limerudi tena katika makadirio ya mwaka huu huitikisa kaunti kuliko wenye mabango kumi. Kama chuo chako hakifundishi kusoma bajeti, jifundishe, au chukua somo la uhasibu la ziada. Nasema kweli: uhasibu.

Haya, tumbo. Baba anataka kujua utakula nini, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi nyingi za amani Afrika Mashariki zimeishi kwa fedha za wafadhili. Mikataba huja karibu na uchaguzi na kuisha kura zikishahesabiwa. Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, na shirika lake la USAID likafungwa, watu wenye uzoefu wa miaka walijikuta nyumbani wakirekebisha wasifu wao. Atakayekuambia fani hii ina ajira tele, muulize anaishi wapi.

Lakini ajira zenye jina la amani si ajira zote. Kaunti zina wasimamizi wa wadi na maofisa wa ushirikishwaji wa umma. Mahakama imekuwa ikipeleka sehemu ya kesi za familia na biashara kwa wasuluhishi tangu 2016, na msuluhishi huidhinishwa na kamati ya Mahakama baada ya mafunzo, kwa hiyo kozi fupi ya usuluhishi ni nyongeza nzuri kwa shahada yako. Kampuni zinazojenga barabara, minara ya upepo na bandari zinahitaji watu wa kuzungumza na wenye ardhi kabla matrekta hayajazuiwa njiani. Hapo uwe macho: ukilipwa na kampuni, wanakijiji watakuona ni wa kampuni, na mara nyingi watakuwa sahihi. Kote huko utaulizwa unajua kufanya nini. Kuandika kumbukumbu za kikao ambazo pande zote mbili zitazikubali ni ufundi adimu, na nimeona mkutano wa siku nzima ukivunjika kwa sababu karani aliandika "wavamizi" mahali pa kuandika jina la jamii.

Kuhusu chuo gani, wengi mnauliza kama mtu anaulizia saluni: kipi kizuri? Masinde Muliro kule Kakamega wana idara ya amani na migogoro. Hekima, Nairobi, wana taasisi yao chini ya Wajesuiti, na Tangaza wana historia ndefu ya kufundisha mabadiliko ya jamii. Kwa jirani zetu, Gulu kaskazini mwa Uganda wanafundisha somo hili katika mji uliopitia vita vya waasi wa Kony, na mwanafunzi wa huko hahitaji kupanda ndege kuona darasa lake. Usivutiwe na jina la shahada. Uliza mafunzo ya nyanjani ni ya miezi mingapi, na nani anakutafutia pa kwenda. Uliza wahadhiri wamewahi kusuluhisha nini. Ukiambiwa atachimenti ni wiki chache za kupanga faili ofisini, fikiri upya.

Na wewe uliyeniandikia kwamba ulipoteza ndugu katika mapigano na unataka kusomea amani kwa ajili yake, pole sana, mdogo wangu. Soma. Ila usiuchague ugomvi uliomuua ndugu yako uwe ndio wa kuujifunzia kazi, angalau si mwaka wa kwanza. Anza na mwingine ambao utalala usingizi baada ya kuusikiliza, na umtafute mshauri nasaha wa chuo kabla hujamhitaji. Wanaosikiliza habari za vifo vya watu kila wiki huchoka kwa namna isiyoonekana.

Sasa binti wa Marsabit, baba usimjibu kwa maneno. Kabla ya tarehe ya kuripoti, nenda kwa msimamizi wa wadi yenu uombe makadirio ya bajeti ya maji. Akikuzungusha, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukiipata hiyo karatasi, kaa na mzee jioni, umsomee kisima chenu kimetengewa shilingi ngapi, kisha umuulize kilianza kugombaniwa lini. Chukua daftari, maana nadhani ataongea sana. Halafu uniandikie, uniambie na ofisa alikujibu nini.