Jiwe la Manati

Bunyakiri iko katika Kivu ya Kusini, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Walikale, ng'ambo ya msitu wa Kahuzi. Watu wa huko hulima mihogo, maharagwe na mahindi, tena hukamua mafuta ya mawese na kuyauza sokoni. Mahindi yakianza kuota, ndege huja kuyafukua. Kwa hiyo watoto hulinda mashamba kwa manati: panda ya mti, mipira miwili, na kipande cha ngozi cha kushikia jiwe.

Siku moja mvulana wa darasa la sita alimlenga ndege, akamkosa. Jiwe likavuka njia, likapiga kikapu alichobeba mama mmoja mgongoni. Chupa ya mafuta ikavunjika, na mafuta yote yakamwagika. Mama akaenda moja kwa moja shuleni, kigae cha chupa mkononi.

Mvulana akaitwa. Akasema, "Mwalimu, si jiwe langu lililovunja chupa. Mimi nilikuwa mbali, hatua ishirini. Jiwe lilikuwa limekwisha kuinama chini. Jiwe linaloanguka limechoka. Labda chupa ilikuwa na ufa."

"Mwanangu," akajibu mama, "chupa ile niliiosha jana kwa mikono yangu. Ufa haukuwamo."

Mwalimu hakumpiga mvulana, wala hakumkaripia. Akasema, "Mama, tua mzigo, upumzike kidogo. Tutaliuliza jiwe lenyewe."

Akaweka vijiwe viwili ukingoni mwa meza, akashika rula. Alitaka kijiwe kimoja kisukumwe kwa nguvu kiende mbali, na cha pili kianguke tu wima, vyote viwili kwa wakati mmoja. Akauliza, "Kipi kitagusa sakafu kwanza?" Karibu wanafunzi wote wakasema, "Kile kinachoanguka wima, kwa sababu kile kingine kina safari ndefu."

Mwalimu akapiga. Ikasikika sauti moja tu: ta! Waliokaa nyuma hawakusadiki. Wakaja karibu, wakafumba macho ili wasikie vizuri. Mwalimu akapiga tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Kijiwe kikaruka mpaka mlangoni, lakini sauti ikawa ile ile moja.

"Mmesikia," akasema mwalimu. "Jiwe hufanya kazi mbili pamoja. Huenda mbele, na huku linaanguka. Kwenda mbele hakuzuii kuanguka, wala kuanguka hakupunguzi kwenda mbele."

Kisha akaandika ubaoni. Jiwe likiachwa lianguke, katika sekunde moja hushuka karibu mita 5. Kwa muda mwingine, zidisha sekunde kwa sekunde, halafu zidisha kwa 5. Basi katika nusu sekunde? Nusu mara nusu ni robo, na robo ya mita 5 ni mita 1 na sentimita 25. Maana yake, jiwe likipigwa sawasawa, lisielekezwe juu wala chini, kutoka kimo cha mita 1 na sentimita 25, litakaa hewani nusu sekunde tu, hata likienda mbali namna gani. Hapahitajiki saa. Kimo chenyewe ndicho saa.

Wakatoka nje kiwanjani, mahali palipo tambarare. Wakasimika nguzo, wakaifunga manati kwenye kimo kile. Wakanyunyiza majivu chini ili jiwe liache alama. Wakaleta kamba yenye fundo kila mita. Ili kujua kama jiwe litatoka sawasawa, mwalimu alilaza chupa yenye maji nusu kando ya mipira. Watoto wote walisimama nyuma ya mpigaji. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa mbele, wala pembeni.

Mvulana akavuta mipira kama alivyoivuta shambani. Jiwe la kwanza likapita mita 20, naye akafurahi sana. Mwalimu akalikataa. Maji ya chupa yalionyesha kwamba manati imeinuka. Jiwe lilipanda kwanza ndipo likashuka, kwa hiyo lilikaa hewani zaidi ya nusu sekunde.

Wakarekebisha, wakapiga mara tatu. La kwanza mita 13, la pili mita 15, la tatu mita 14. Jumla 42; gawanya kwa 3, ni mita 14. Jiwe lilikwenda mita 14 kwa nusu sekunde, basi mita 28 kwa sekunde moja. Saa moja ina sekunde 3600. Mwendo wa jiwe la manati ulikuwa kama kilomita 100 kwa saa! Lori lipitalo kati ya Miti na Bunyakiri, penye kona na matope, halithubutu mwendo huo.

"Lakini mwishoni limechoka," akasema mvulana, kwa sauti ndogo.

"Hewa hulipunguzia mwendo kidogo," akajibu mwalimu. "Lakini linapogusa majivu bado linakwenda mbele kwa nguvu karibu zote, na juu ya hayo limeongeza mwendo wa kushuka, mita 5 kwa sekunde."

Njia hii ni ya zamani. Mnamo mwaka 1608 Galileo, mtaalamu wa Italia, aliviringisha mipira midogo juu ya ubao ulioinama, ikaruka kutoka mezani, naye akapima ilipoangukia. Aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Risasi ya bunduki ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mwingereza Benjamin Robins alitundika ubao mzito wenye bamba la chuma, akaupiga risasi, akapima ubao ulivyobembea. Katika kitabu cha mwaka 1742 alionyesha kwamba risasi yaweza kwenda karibu mita 500 kwa sekunde. Tena aligundua kwamba hewa huizuia risasi sana, kuliko watu walivyodhani.

Mvulana hakusema neno tena juu ya ufa. Jumamosi alikwenda kwa yule mama asubuhi, akambebea chikichi, akamtekea maji ya kuchemshia, mpaka chupa nyingine ikajaa.

Maswali
1. Kwa nini mwalimu alilikataa jiwe la kwanza?
2. Jiwe limepigwa sawasawa kutoka kimo cha mita 1 na sentimita 25, likaanguka mita 9 mbele. Mwendo wake ulikuwa mita ngapi kwa sekunde?
3. Jiwe limepigwa sawasawa kutoka ukingo wa mwamba wenye kimo cha mita 5, likaanguka mita 12 mbele. Tafuta mwendo wake.