Soda Mbili, Bahari ya Barafu na Ziwa Kivu

Katika mjadala mmoja wa chama chetu mwenzangu wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza, "Bahari ya Antaktika inatuhusu nini sisi watu wa Longisa? Hapa tuna chai, mahindi na ng'ombe. Hata bahari ya Mombasa wengi wetu hatujaiona!" Watu wakapiga makofi. Mimi niliyekuwa nimeyasoma mambo hayo nikabaki mdomo wazi. Likanikera wiki nzima, na makala haya ndiyo jibu langu, ijapokuwa limechelewa.

Nilianza na soda. Nilinunua chupa mbili za aina moja. Moja nikaitumbukiza usiku katika ndoo ya maji nje ya bweni, na baridi ya huku kwetu mnaijua. Ya pili nikaianika juani kwenye dirisha la maabara hadi saa sita mchana. Kisha nikazifungua mbele ya wenzangu. Ile ya ndooni ilisema tss, basi. Ile ya dirishani, loo! Povu liliruka hadi kwenye sare ya yule yule aliyeuliza swali. Sikukusudia, jamani.

Kilichofumka ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ile tunayoitoa puani na inayotoka kwenye moshi wa kuni na wa malori. Vitu viwili huifanya itulie majini: baridi na mkandamizo. Maji ya nyuzi 0 yanaweza kubeba karibu maradufu ya hewa hiyo kuliko maji ya nyuzi 20. Ukiondoa kizibo, mkandamizo unapungua, nayo inatoka mbio.

Basi, bahari inayoizunguka Antaktika ni ile chupa ya ndooni. Bahari zote za dunia humeza karibu robo ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na katika hiyo robo, Bahari ya Kusini peke yake huchukua karibu asilimia 40. Maji yake baridi ni mazito, kwa hiyo pengine huzama hadi vilindini pamoja na hewa yaliyoibeba na kukaa huko mamia ya miaka. Upepo nao haujui mipaka. Moshi wa kuni zinazokaushia majani ya chai huku Kericho na Bomet huchanganyika na hewa ya dunia nzima, na sehemu yake huishia kule kwenye barafu. Kabla ya viwanda vya Ulaya, katika kila chembe milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa za ukaa. Leo zimepita 420. Si lazima uende Antaktika kulipima jambo hili: Mlima Kenya una kituo kilichofunguliwa mwaka wa 1999, kwenye kimo cha mita 3,678, na kazi yake ni kuchunguza hewa.

Lakini ghala hilo lina taabu zake. Hewa ya ukaa ikiingia majini huyatia ukali, ndiyo maana soda huchoma ulimi, na konokono wadogo wa bahari za baridi hupata shida ya kujenga magamba. Pili, maji yakipata joto hubeba hewa kidogo. Tena kuna mahali ambapo pepo kali za kusini huyainua maji ya kale kutoka vilindini, nayo yakifika juu hutoa ukaa badala ya kuumeza. Huko kaskazini, katika bahari zenye kina kifupi karibu na Siberia, mapovu ya methani hutoka sakafuni. Methani hushika joto mara 28 hivi kuliko ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Kwenye kina kirefu bakteria huila nyingi kabla haijafika juu. Penye kina kifupi hawapati nafasi.

Najua mwenzangu atasema huko bado ni mbali. Haya, turudi Afrika Mashariki, kwenye chupa yenye kizibo.

Ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda, lina kina cha mita 480 hivi. Ndani yake kuna takriban kilomita za ujazo 300 za ukaa na 60 za methani. Si baridi inayozizuia, bali uzito wa maji yaliyo juu. Ziwa Nyos la Kamerun lilipofumka Agosti 1986, ukaa ulimwagika mabondeni na watu wapatao 1,700 wakafa. Nyos ni dogo sana. Kando ya Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni mbili. Wenyeji wa Goma wana neno lao, mazuku, yaani mashimo na mabonde ambamo ukaa hutuama kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, na mnyama au mtu akiingia hufa bila kuguswa. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka na uji wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Heri haukufika kwenye kina cha gesi. Upande wa Rwanda, kule Karongi, tangu 2016 mtambo huyavuta maji ya chini, ukatoa methani na kuzalisha megawati 26 za umeme.

Nilipomsomea mwenzangu haya, alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: maji ya chini ya Kivu yana joto kuliko ya juu, mbona hayapandi? Nikamjibu ni chumvi, huyafanya mazito. Akakubali. Alichoendelea kunidai ni sabuni ya kufulia sare.