Jina la Duka Hurithiwa, Ahadi Je?

Mkoani Njombe mbao hazitafutwi mbali. Misindano na mikaratusi imetanda vilimani, na useremala ni kazi ambayo mara nyingi mtoto huipokea mikononi mwa mzazi wake. Katika karakana hizo hutengenezwa majeneza na misalaba. Huko Makambako, barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, hupita misafara ya waombolezaji wanaowarudisha marehemu wao kuzikwa nyumbani. Kufa kufaana, walinena wahenga. Biashara hii ni halali, na kwa mfiwa ni msaada mkubwa.

Mfiwa anapochagua duka, aghalabu hutegemea jina: “Babu yao ndiye aliyetengeneza jeneza la baba yetu.” Imani hiyo ina msingi wake. Hata hivyo, jina si mkataba. Katika somo hili tunaeleza yanayoendelea kuwapo kisheria pale biashara ya mazishi inapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto.

Mfano

Tuchukulie kwamba mzee mmoja wa Makambako, ili kuwapunguzia wanawe mzigo, anamlipa mwenye karakana ya Njombe shilingi 400,000 kwa ajili ya jeneza atakalozikiwa. Miaka inapita. Mwenye karakana anafariki, na mwanawe anashika duka lilelile chini ya bango lilelile. Mzee naye anapofariki, watoto wake wanafika dukani na kuambiwa: “Poleni sana, ndugu zangu. Lakini fedha hizo alipewa marehemu baba, mimi sizijui.”

Nani anadaiwa?

Jibu hutegemea mwenye biashara alikuwa nani mbele ya sheria.

Ikiwa biashara ilikuwa ya mtu binafsi, mdaiwa alikuwa yeye mwenyewe. Jina la biashara, hata likiwa limesajiliwa BRELA, halina nafsi yake kisheria. Deni lake hulipwa kutokana na mali aliyoiacha, kabla warithi hawajagawana. Anayedai humwendea msimamizi wa mirathi. Mtoto halipi kwa mali yake mwenyewe kwa sababu tu ni mtoto, isipokuwa amekubali kuyabeba majukumu hayo.

Ikiwa biashara ilikuwa kampuni iliyosajiliwa, kampuni hiyo ina nafsi yake. Mwanzilishi akifariki, kampuni hubaki pamoja na madeni na ahadi zake.

Katika hali zote mbili, wafiwa wasio na risiti watapata taabu kuthibitisha madai yao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo ya kuzingatia

1. Uliza mmiliki wa sasa ni nani, na jina lake lilingane na lile lililo kwenye leseni na risiti.

2. Dai orodha ya bei ya kila kitu: jeneza na aina ya mbao zake, msalaba, gari na safari yake. Njombe na Makambako zimetengana kwa takriban kilomita 60. Fahamuni mapema kama bei ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi.

3. Chukua risiti, na iandikwe malipo ni ya kitu gani na kwa ajili ya nani. Waonyeshe watu wawili wa familia mahali ilipohifadhiwa.

4. Uliyelipa mapema, ukisikia duka limebadili mikono, nenda upesi ukamwombe mmiliki mpya aithibitishe ahadi kwa maandishi.

5. Kamati ya mazishi iwateue watu wawili wasioelemewa na majonzi kwenda kununua.

Ukitendewa isivyo haki

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Muuzaji anayesema jeneza ni la mbao ngumu, kumbe ni ubao mwepesi uliopakwa rangi, anavunja sheria hiyo. Anza kwa kuzungumza naye; ikishindikana, peleka malalamiko pamoja na risiti kwa Tume ya Ushindani, au fungua shauri mahakamani.

Ndugu mtumiaji, kuuliza bei na kudai risiti wakati wa msiba si kumvunjia heshima marehemu, wala fundi. Fundi mwaminifu hulindwa na karatasi hiyohiyo inayokulinda wewe, naye atawaachia wanawe duka lisilo na ugomvi.