Soma Kabla ya Kutia Sahihi

JUMANNE

Soma Yeremia 32:6–15. Yeremia alichukua hatua gani ili ununuzi wa shamba usije ukaleta ugomvi baadaye?

Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, naye Yeremia alikuwa kifungoni. Hata hivyo, aliponunua shamba la Hanameli, mwana wa ami yake, hakufanya mambo kwa haraka. Fedha, shekeli 17, ilipimwa kwenye mizani. Hati iliandikwa, mashahidi wakaweka majina yao, kisha Baruku akaagizwa kuitia katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Imani ya nabii haikumfanya apuuze maandishi. Aliyatunza kwa sababu aliamini ahadi ya Mungu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa wanaijua hatari ya kupatana kwa haraka. Wanaiita butura: kuuza kahawa ingali maua au matunda mabichi mtini. Serikali imeikataza, lakini ada ya shule, ugonjwa na msiba havisubiri mavuno. Mwenye shida hupewa fedha kidogo, na pengine karatasi ya kutia sahihi. Asiyejua kusoma huweka dole gumba. Anayejua huona aibu kusoma mbele ya mtu anayemwona kuwa mwokozi wake. Msimu ukifika, jasho ni lake, kahawa ni ya mwingine. Ndivyo Esau alivyoipima kesho yake kwa njaa ya siku moja (Mwanzo 25:29–34).

Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa Viktoria, ukiwamo Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, kama vile kilimo cha migomba. Wazo lake lilikuwa jema: kusoma kumsaidie mtu kuishi. Lakini kusoma peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwenye hekima. Anayeandika karatasi ya butura naye anajua kusoma.

Soma Nehemia 5:1–12. Ni nani waliokuwa wamechukua mashamba ya maskini, na Nehemia aliwataka wafanye nini?

Walioshika mashamba hawakuwa wageni. Walikuwa ndugu, Wayahudi wenzao. Nehemia hakuanza kwa kuwalaumu maskini kwa kukopa. Aliwakabili wakuu mbele ya kusanyiko, akawataka warudishe siku ileile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba. Hekima ambayo chanzo chake ni kumcha Bwana (Mithali 9:10) humzuia mtu kufaidika na shida ya jirani yake. Je, mnunuzi wa butura na muuzaji wake wanaweza kuketi benchi moja siku ya Sabato na kushiriki meza moja ya Bwana bila jambo hili kutengenezwa?

Kwa Kutenda: Juma hili, mtafute jirani mmoja mwenye karatasi asiyoielewa. Msomee polepole, kwa lugha anayoielewa vizuri, kabla hajatia sahihi.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasa lenu linaweza kufanya nini ili mshiriki mwenye mgonjwa au msiba asilazimike kuuza kahawa ikiwa maua?

2. Ikiwa mmoja wenu amekwisha kununua kahawa kwa njia hiyo, Nehemia 5:11 inamtaka afanye nini?