Machemba: mkuu, au jina tu?

SWALI: Hapa kijiweni Chiwata tunabishana. Wengine wanasema Machemba alikuwa mtawala mkuu, wengine kwamba alivuma kwa sababu ya ile barua yake tu. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Chiwata

JIBU: Barua yenyewe si haba. Mwaka 1890 chifu huyu wa Wayao alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa Kiswahili, kwamba urafiki anaukubali, kuwa chini ya Mjerumani hakubali, wala pwani haendi. Na hakuishia kwenye maneno: aliwasumbua Wajerumani huku Makonde hadi 1899, ndipo akavukia Msumbiji.

Lakini huyo huyo alitajirika kwa mpira na kwa kuuza watu. Waulizeni wajukuu wa waliouzwa kama alikuwa mkuu!

Mimi kura yangu nampa chifu Matola wa Newala, ambaye vitabu vya shule havimtaji sana. Wangoni walioitwa Magwangwara walipoivamia misheni ya Masasi mwaka 1882, wamisionari walihamia kwake, akawapa hifadhi. Machemba namwita shujaa, bila kigugumizi. Ukuu naupima kwa waliolala salama chini ya mtawala, na hapo Matola anamzidi.