Mwezi Mei, Central Park, Darubini Mkononi

Ukijikuta New York kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, tenga asubuhi moja kwa ajili ya ndege. Majira haya ndege wahamaji hutoka Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi kwenda kaskazini kuzaliana. Wengi husafiri usiku, na kukipambazuka huona zege kila upande isipokuwa Central Park. Hushuka hapo kula.

1. Fuatilia upepo tangu jioni. Ukivuma kutoka kusini, ndege huruka nao, basi tega saa ya kukuamsha. Tovuti ya BirdCast hutumia rada za hali ya hewa kukadiria waliopita usiku.

2. Wahi. Bustani hufunguliwa saa 12 asubuhi. Nenda moja kwa moja Ramble, kijisitu chenye vijia vinavyopindapinda kando ya ziwa. Utadhani ni pori la asili, kumbe ni kazi ya Olmsted na Vaux, waliochora ramani ya bustani mwaka 1858.

3. Sikiliza kwanza. Jani likitikisika, likazie macho, kisha pandisha darubini bila kuangalia pembeni. Ya 8x42 inatosha kabisa.

4. Tafuta mialoni inayochanua. Maua yake huvuta wadudu, na wadudu huvuta ndege. Hapo unaweza kumwona Blackburnian: koo lake la rangi ya chungwa linawaka kama kaa la moto, ana uzito wa gramu 10 hivi, na amekuja kutoka milima ya Andes! Kwangu mimi hakuna ndege wa kumshinda bustanini humo.

5. Tafadhali, usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kumvuta karibu. Mgeni huyu ameunguza mafuta ya mwili usiku kucha. Akiisikia sauti hiyo hudhani ameingiliwa na mpinzani, akaacha kula ili aje kumfukuza. Unamnyang'anya chakula cha safari. Usimkimbilie pia, simama, mara nyingi atakusogelea mwenyewe.

6. Tupia jicho juu ya ziwa. Mbayuwayu wanaopita hapo ni spishi ileile tunayoiona Afrika Mashariki kuanzia Septemba, ingawa wanaokuja kwetu huzaliana Ulaya na Asia.

7. Waulize wenyeji wenye darubini wameona nini. Wengi watakuonyesha kwa furaha.

Usingoje Juni. Kufikia hapo wahamaji wengi wameshaondoka.