Siku za Kwanza Katika Nyumba ya Wenyeji Sumbawanga

Anayekwenda Sumbawanga kukaa na familia, awe mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mwalimu mpya anayesubiri nyumba au kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, kwa kawaida huulizia usafiri na baridi. Usafiri si tatizo: mabasi ya Mbeya hupita Tunduma na Laela, na kutoka Tunduma ni lami kwa zaidi ya kilomita 200. Baridi nayo ni ya kweli. Mji uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai upepo wa uwandani hupenya hata madirisha yaliyofungwa, kwa hiyo beba sweta zito, soksi na blanketi lako mwenyewe. Swali zito zaidi mara nyingi haliulizwi: uishi vipi ndani ya nyumba ya watu katika zile siku tatu nne za mwanzo? Ninaamini jibu ni kushika kazi mapema, kabla hujazoea kuhudumiwa, kwa sababu katika nyumba nyingi za Ufipa, yaani uwanda ulipo mji huu, mazungumzo ya maana hufanyika mikono ikiwa na shughuli.

Tabia hiyo ina mizizi shambani. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi, miti ni michache, na wakulima wake hawakuweza kutegemea majivu ya matawi yaliyochomwa kama walivyofanya majirani zao Wabemba upande wa Zambia. Walibuni njia yao. Ardhi ikiwa bado laini kwa mvua, nyasi zililimwa, zikafunikwa kwa udongo katika vichuguu vya mviringo na kuachwa zioze. Juu yake walipanda maharage. Msimu uliofuata vichuguu vilibomolewa, udongo ukatandazwa na ulezi ukapandwa. Hiyo ni kazi ya kukimbizana na mvua, na mtu mmoja haiwezi. Leo mahindi yametawala na plau la maksai limechukua nafasi kubwa, lakini familia nyingi za mjini bado zina shamba kijijini, na baada ya mavuno magunia huletwa nyumbani. Jioni watu huketi kupukuchua. Safu ya kwanza ya punje hung'olewa kwa kidole gumba, kwa taabu. Zinazofuata hulegea zenyewe zikisukumwa kwa gunzi lililokwisha kupukuchuliwa. Hapo ndipo zinapotajwa habari za mgonjwa wa jirani, bei ya gunia, ada ya shule na posa ya binti wa shangazi. Mgeni aliyebaki sebuleni na simu yake hukosa yote hayo, kisha hulalamika kwamba wenyeji wake ni wakimya.

Wapo watakaosema mwenyeji hatakubali, na ni kweli kwamba ukiuliza "nisaidie nini?" utajibiwa "pumzika, mgeni wetu". Basi usiulize, keti na uchukue hindi. Wengine watauliza kuhusu mgeni wa kiume, kwa kuwa katika nyumba nyingi jiko bado ni la wanawake. Hoja hiyo ina uzito, na sioni sababu ya kulazimisha mambo siku ya pili. Kuna kuni za kupasua, maji ya kubeba, na watoto wenye hesabu za shule. Inasemwa pia kwamba mgeni ana siku mbili na jembe ni la siku ya tatu. Lakini methali hiyo inaeleza uvumilivu wa mwenyeji. Haimkatazi mgeni kuanza mapema.

Pingamizi gumu zaidi ni la pesa: mtu ana mshahara au posho, kwa nini asilipe tu akabaki na muda wake? Kuchangia ni lazima, na ni vizuri kuzungumza mapema na mama mwenye nyumba, faraghani, kuhusu unga, mafuta, sukari na sabuni. Ila mchango huo unatunza bajeti ya nyumba, haumfundishi mgeni kuishi humo. Katika miji ya Ujerumani saa za utulivu wa usiku zinajulikana, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na familia mwenyeji aghalabu humweleza mgeni wazi takataka ipi inatupwa wapi. Sumbawanga hakuna atakayekusomea kanuni. Utaziona tu ukiwa karibu: nani ananawishwa mikono kwanza, maji ya moto ya kuoga yanagawanywaje kwenye ndoo, babu anasalimiwa kabla ya nani. Shikamoo usiibane hata kwa mtu mnayepishana koridoni. Ukikaribishwa kimpumu, pombe ya ulezi, na hunywi, sema mapema na kwa upole, hakuna anayelazimishwa.

Kuhusu uvumi wa uchawi ambao Watanzania wengi huuambatanisha na mji huu, usiufanye utani mezani. Wenyeji wameusikia maisha yao yote, na unawaumiza watu wanaokulisha.

Matembezi yaache hadi wiki ya pili. Maporomoko ya Kalambo, yenye zaidi ya mita 200, hayatahama, na Kasanga ipo palepale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kabla ya kutafuta gari, taja safari yako jioni wakati wa kupukuchua, na uliza kama kuna ndugu Matai, mji ulio njiani. Akiwapo, utaondoka na jina la kuulizia utakapofika, na pengine kifurushi cha maharage cha kumpelekea.